Kazi ya Kukaa

Kukaa kuna namna nyingi, na mji ule ulikuwa na jina kwa kila namna. Aliyekaa kwa kukosa kazi aliitwa mtu wa kijiweni. Aliyekuwa na kazi lakini akaikwepa aliitwa mtegaji. Aliyekaa kwa sababu mwili wake tangu azaliwe haujawahi kuwa na haraka aliitwa goigoi, na aliyekaa huku akiwatazama wenzake wakibeba mizigo aliitwa majina ambayo sitayaandika hapa, maana nina heshima zangu. Ila ilikuwepo namna moja ya kukaa ambayo watu wale hawakuwa na jina lake, nayo ni ya mtu aliyeajiriwa ili akae, na akikaa vizuri ndiyo kazi ameifanya. Mtu huyo alikuwa dereva wa gari la zimamoto. Walipokosa jina la kukaa kwake, wakampa jina yeye mwenyewe. Walimwita Benchi.

Benchi lenyewe lilikuwepo kweli, la mbao, kwenye kibaraza cha kituo, limesuguliwa kwa miaka kumi na tisa ya makalio yake mpaka likang'aa. Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi alifungua lango la chuma, akapanda juu ya gari, akafunua tangi na kuingiza fimbo aliyoichora mistari kwa msumari. Maji yakifika mstari wa juu, alishuka. Yasipofika, aliongeza, na bomba la kituo lilikuwa na mkondo mwembamba hivi kwamba kujaza tangi tupu kulichukua saa moja na nusu. Kisha aliwasha injini akaiacha ingurume pale pale kwa nusu saa, yeye kaweka kiganja juu ya boneti kama mtu anayempima mtoto homa. Wapita njia walimuuliza gari linaenda wapi leo. Alijibu haliendi popote. Halafu alizima, akanawa mikono, akaketi mpaka jioni. Moto ulitokea mara moja kwa mwaka, ukizidi sana mara mbili.

Sasa hebu mwambie mtu anayebeba saruji tangu alfajiri kwamba hiyo nayo ni kazi. Atakucheka mpaka aushushe mfuko. Aliyecheka kuliko wote alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi mwashi mwenye mikono migumu na ulimi usiojua likizo. Kila walipokutana kwenye shughuli ya ukoo shemeji alimpa pole ya uchovu wa kukaa, akamgeuza na kukagua suruali yake kwa nyuma kama haijatoboka, na watu wakavunjika mbavu. Benchi alicheka pamoja nao. Alikuwa mtu wa kucheka na wenzake, kisha kurudi nyumbani na kuikagua suruali ile mwenyewe.

Binti yake wa mwisho aliwahi kupewa kazi shuleni, aandike habari za wazazi wake na shughuli zao. Habari za mama zilijaa kurasa mbili. Za baba zilikuwa sentensi moja: Baba yangu anangoja. Mtoto hakuwa na ubaya wowote, aliandika alichokiona, na mwalimu akatia alama ya vema. Benchi alilisoma daftari lile akalirudisha mezani taratibu. Wiki nzima hakuwa na hamu ya chakula.

Katika mji mzima kilikuwepo kinywa kimoja tu ambacho hakijawahi kumwita mvivu, nacho kilikuwa cha mkewe. Mke huyo alikuwa fundi cherehani. Alianza na cherehani moja ya mkono sebuleni, na kwa miaka kumi na minne akafika cherehani sita katika chumba cha kupanga kwenye safu ya mafundi nguo, na wasichana watatu wa kumsaidia. Alikuwa mtu asiyekaa hata kidogo, akizungumza na wewe mkono unapinda upindo. Lakini mtu alipomtania mumewe mbele yake, alisimamisha cherehani. Alisema mume wake halali kazini, anangoja kwa niaba yao, na siku watakapoungua ndipo watamjua. Alisema hivyo kwa kaka yake, kwa majirani, kwa wateja waliomletea vitambaa. Benchi aliishi kwa maneno yale. Wengine wanaishi kwa dawa, yeye aliishi kwa maneno yale, na habari hii yote ni ya kinywa hicho.

Basi akaja mkurugenzi mpya wa mji. Alikuwa kijana, suti imemkaa, na hakuna kitu kilichomkera kama kumwona mtu amekaa. Wiki ya kwanza aliondoa viti vya mapokezi ili makarani wasimame. Wiki ya pili akafika kituo cha zimamoto saa nne asubuhi, akamkuta Benchi na mwenzake kwenye benchi. Mwenzake huyo aliitwa Mpira, kwa sababu kazi yake ilikuwa kushika mpira wa maji, na kwa sababu alikuwa mrefu na mlegevu vile vile. Mkuu wa kituo alikuwa amelazwa kwa maradhi ya mgongo, kwa hiyo funguo na mamlaka yote ya pale yalikuwa kwa Benchi.

Mkurugenzi aliuliza wanafanya nini. Benchi akasimama, akasema wanangoja.

"Mnangoja nini?"

"Moto, bosi."

Mkurugenzi alitazama gari lililosimama, jekundu, safi hata unaweza kujinyoa kwa kujitazama kwenye mlango wake. Akauliza kama lina maji. Benchi akajibu kwamba lina lita elfu nne, na tangi limejaa. Mkurugenzi akataka kujua lita elfu nne zimekaa humo tangu lini, na Benchi, kwa kutofikiri, akasema tangu mwaka jana. Hapo kijana yule alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. Akaeleza kwamba Jumamosi mji una mgeni mkubwa, na maua yaliyopandwa katikati ya barabara kuu yananyauka, na gari la kumwagilia ni bovu, na hapa kuna watu wawili wazima na maji yote hayo wanatazamana. Kuanzia kesho gari litamwagilia maua kila asubuhi.

"Kuna tatizo?" aliuliza.

Ukutani nyuma ya Benchi palikuwa na maandishi ya rangi nyekundu, yaliyoandikwa na mkuu wa kituo kwa mkono wake: gari halitoki ila kwa moto, na halikai bila tangi kujaa. Mpira aliyatazama maandishi, kisha akamtazama Benchi. Mkurugenzi naye alikuwa anangoja jibu, na kwa haki yake niseme, aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Angeambiwa tatizo lipo, huenda angekasirika, huenda angeondoka.

"Hakuna tatizo, bosi," alisema Benchi.

Msidhani aliogopa kufukuzwa. Mimi mwenyewe ningependa kusema aliogopa, ingekuwa rahisi kumsamehe. Hakuogopa. Moyo wake uliruka kwa furaha. Miaka kumi na tisa alikuwa akipita mjini mara moja kwa mwaka, mbio, king'ora kinalia, na watu hawamwoni yeye, wanatazama moshi. Sasa angepita kila siku, polepole, jua limechomoza, akifanya kitu ambacho hata mtoto mdogo akikiona anajua ni kazi.

Na kweli wakamwona. Siku ya kwanza wauza magazeti walimpungia. Siku ya pili wafagiaji wa barabara walimpisha na kumpa hongera, na shemeji yake kutoka juu ya jukwaa la ujenzi akapiga kelele kwamba leo kijana ameamka, na watu wakacheka, lakini kile kicheko hakikuuma. Siku hiyo hiyo binti yake alipita na wenzake kuelekea shule. Benchi alimwona akinyoosha kidole kwenye gari, akiwaambia kitu, na wale wasichana wote wakageuka kutazama. Alipunguza mwendo zaidi ya ilivyohitajika. Nakwambia, alikuwa na furaha mpaka macho yakamwasha.

Jioni ile alimsimulia mkewe kila kitu, maua ya rangi gani, nani alisema nini. Mkewe alimsikiliza huku akikata nyuzi za sare za shule, maana alikuwa na kazi kubwa ya sare mia mbili za kukabidhi mwisho wa mwezi. Alipomaliza kusikiliza aliuliza jambo moja tu, kwamba moto ukitokea je. Benchi akasema wanajaza mara moja wakirudi, ni dakika chache tu. Akasikia mwenyewe jinsi dakika chache zilivyotoka kinywani mwake kwa wepesi. Mkewe akaitikia, akaendelea na nyuzi zake. Hakuwa na sababu ya kutomwamini.

Siku ya tatu walikwenda safari mbili, kwa sababu mgeni alikuwa anafika kesho yake na maua yalitakiwa yasimame wima. Walirudi kituoni saa saba na nusu mchana, tangi tupu linavuma kama debe. Benchi alichomeka mpira kwenye bomba, akafungua. Maji yakaja membamba kuliko siku zote, kwa kuwa saa zile mji mzima unatumia maji. Akaketi kwenye benchi kula mkate wake, amechoka uchovu mtamu wa mtu aliyefanya kazi.

Simu ililia saa nane na dakika kumi. Mpira ndiye aliyepokea. Alisikiliza, akageuka na uso ambao Benchi hakuwahi kumwona nao.

"Duka la magodoro," alisema. "Safu ya mafundi nguo."

Duka la magodoro lilikuwa ukuta kwa ukuta na chumba cha mkewe.

Benchi alipanda juu ya gari, akaingiza fimbo. Maji yalifika chini ya robo. Kutoka pale juu aliuona moshi, mweusi tii, umepanda juu ya mabati upande wa magharibi. Ulikuwa mwendo wa dakika sita. Alijua hesabu yake vizuri kuliko mtu yeyote mjini: robo tangi ni dakika tatu za maji, pengine nne, na moto wa magodoro hauzimwi kwa dakika nne. Akiondoka sasa, atafika na mate tu. Akingoja tangi lijae, atafikia majivu. Alimtazama Mpira, Mpira akamtazama yeye, na maji yakaendelea kuingia kidogo kidogo kama yanadondoka kutoka kwenye kata.

Jamani, mtu yule alijua kungoja. Hakuna aliyejua kungoja kuliko yeye. Lakini dakika zile tano alizosimama juu ya gari, akitazama moshi na kusikiliza maji, zilimmaliza kuliko miaka yote kumi na tisa. Alishika ukingo wa tangi akaomba. Hakuomba moto uzimike, aliomba mkewe awe ametoka kwenda sokoni kununua uzi. Kisha hakuweza tena. Akachomoa mpira, akaruka chini, wakaondoka na walichonacho.

Barabara nzima watu waliwapisha. Wengine walishangilia, wakasema hao wamefika. Kwenye safu ya mafundi nguo vumbi, moshi na kelele vilikuwa kitu kimoja. Duka la magodoro lilikuwa tanuri. Moto ulikuwa umekwisha kupita juu ya ukuta, chini ya mabati, na chumba cha mkewe kilikuwa kinawaka kwa ndani, vitambaa vimening'inia vinashika kimoja baada ya kingine. Akamwona mkewe. Alikuwa nje, kilemba kimeanguka, nywele zimejaa majivu, amekumbatia cherehani moja kifuani. Wasichana wake watatu walikuwa hai, wanalia. Benchi nusura apige magoti pale pale kwa shukrani.

Mkewe alipoliona gari aliiweka cherehani chini. Akawaambia wale wasichana, na Benchi alimsikia, kwamba wasilie, mume wake amefika.

Mpira alielekeza maji mlangoni kwa mke wa Benchi. Moto ulirudi nyuma. Ulirudi kweli, hatua kwa hatua, ukaachia mlango, ukaachia meza ya kukatia, na kwa muda ule cherehani tano zilionekana ndani, nyeusi lakini zimesimama. Watu walipiga makofi. Kisha mpira ukakohoa. Ukatema hewa, ukatema maji kidogo, ukalegea mikononi mwa Mpira, na pampu ikabaki inalia peke yake. Moto ukarudi ulikokuwa. Ulirudi kwa haraka kuliko ulivyoondoka.

Halafu mtu mmoja akasema gari ni tupu, na mwingine akasema maji yenyewe yameishia kwenye maua, tumeyaona siku tatu yanapita hapa. Jiwe la kwanza lilivunja taa. La pili lilimpata Mpira begani. Shemeji mwashi alikuwepo, ametoka jengoni mbio na ndoo mbili, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani wowote, alimtazama tu Benchi huku ndoo zimening'inia. Mwenye duka la magodoro, mikono imebabuka, alikuwa anamsogelea na ubao.

Mke wa Benchi alisimama katikati. Alikuwa mwanamke mfupi, na majivu yale yalimfanya aonekane mzee, lakini sauti yake ilifika mwisho wa safu. Aliwaambia wawaache wanaume wale, wao ni watu wa kutumwa. Aliyetoa amri wanamjua alipo, ana ofisi na ana gari, waende wakampige yeye.

"Mume wangu nimekaa naye miaka yote hii," alisema. "Hawezi kutoa maji yale kwa hiari yake. Amelazimishwa."

Walimsikiliza, kwa kuwa nyuma yake ndicho chumba chake kilichokuwa kinaungua. Ubao ukashuka. Watu wakageukia ndoo na mchanga, na paa likaanguka muda mfupi baadaye, juu ya cherehani na juu ya sare mia mbili. Benchi alisimama kando ya gari lake. Hakukuwa na kitu cha kufanya. Injini ilikuwa inanguruma pale pale na hakukumbuka kuizima.

Walirudi nyumbani jua likiwa bado halijazama. Shemeji aliibeba ile cherehani mpaka uani akaiweka chini, akaondoka bila kuaga. Binti yao alikuwa ameshasikia, alijificha ndani. Mkewe aliketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani, viganja juu. Benchi hakuwahi kuiona mikono ile imelala. Alimletea bakuli la maji ya kunawa, hakunawa.

Benchi akavuta kigoda kingine, akaketi. Kisha mkewe akasema, polepole, kwamba kesho ataenda naye ofisini kwa mkurugenzi. Wataandika malalamiko, na yeye atakuwa shahidi. Alitaka tu aelewe vizuri ilivyokuwa, ili asibabaike mbele za watu.

"Ulimkatalia, akakulazimisha," alisema. "Sivyo, baba watoto?"

Hapo ndipo. Neno moja tu, ndiyo, na angebaki na kila alichokuwa nacho. Mpira asingesema kitu, alikuwa rafiki. Mkurugenzi angekana, lakini nani angemwamini mkurugenzi? Benchi alilifungua domo lake kulisema, na akamtazama mkewe, majivu kwenye kope, anamngoja kwa imani ile ile ya siku zote, na akaona kwamba akilisema atalazimika kulisikia kila siku mpaka afe, kila atakapotetewa.

"Aliniuliza kama kuna tatizo," alisema. "Nikamwambia hakuna."

Mkewe hakuelewa mara moja. Alimtaka arudie. Akarudia. Akamwambia na ile habari ya dakika chache, kwamba haikuwa kweli, ni saa moja na nusu, na yeye alijua tangu mwanzo.

"Kwa nini?"

Alikuwa na miaka kumi na tisa ya majibu, ya utani wa shemeji, ya daftari la mtoto, ya suruali iliyokaguliwa mbele za watu. Yote yakakwama, likatoka moja tu, nalo lilikuwa la kweli.

"Nilitaka watu wanione nafanya kazi."

Mkewe alitazama chini. Hakulia, na Benchi aliomba alie, au amrushie lile bakuli la maji. Kwa mbali harufu ya moshi bado ilikuwa inakuja na upepo. Alipozungumza sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayeuliza njia mahali asipopajua.

"Mimi nilikuwa nakuona," alisema. "Siku zote nilikuwa nakuona unafanya kazi. Kumbe mimi sikuwa watu."

Aliinuka. Akaenda pale ilipokuwa cherehani, akaishika kwa mikono miwili, akajaribu kuinyanyua ili aiingize ndani kabla ya umande. Ilikuwa nzito, na nguvu za mchana zilikuwa zimemwishia. Benchi alinyanyuka haraka ashike upande wa pili.

"Wewe kaa," alisema mkewe.

Binti yao akatoka ndani bila kuitwa, akashika upande wa pili, na wote wawili wakaingia na ile cherehani wakaufunga mlango. Benchi alirudi kwenye kigoda chake, akakaa.